Mbwa Aliyeitwa Sihami

Makoko, Musoma
9 Juni 2024

Bibi yangu mpendwa, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, ila mafua kidogo ya upepo wa ziwa. Kazi ya kutengeneza majokofu inaendelea. Wiki hii nimefungua friji moja nikakuta panya amezaa ndani, na mwenye friji bado ananiuliza kwa nini haigandishi. Mama nilimwona Jumapili kule Kabasa, hajambo, anakusalimia sana.

Sasa la maana. Huyu Bonifasi wa gari la mikate anayekuletea barua hii, anakuletea na mbwa. Usishtuke. Ni mbwa wa kazi, aina yake wipeti, asili yake Uingereza. Kule kwao wachimba makaa ya mawe walikuwaga nao, wanawatuma wakamate sungura wa kitoweo. Mwenye mbwa ni mama mmoja wa kizungu niliyekuwaga namtengenezea friji. Amerudi kwao na hakuweza kusafiri naye. Mbwa huyu anakimbia kuliko bodaboda yoyote ya hapa Makoko. Msimu huu ngedere hawataonja hata hindi moja kwako. Anaitwa Prinsesi.

Mjukuu wako na mume wako,
Gasper


Butiama
16 Juni 2024

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Milele amina. Mbuzi wote kumi na mmoja wazima, karanga nimevuna magunia mawili, na mguu wangu ni mzima kabisa.

Barua yako nimeisahihisha, umepata sabini kwa mia. "Walikuwaga" na "niliyekuwaga" nimezipigia mstari mwekundu. Ukiongea, ongea utakavyo, hata mimi sokoni naongea hivyo hivyo. Kwenye karatasi sitaki -ga. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na nne, siwezi kustaafu kwa sababu yako.

Mzigo umefika. Kwenye daftari la Bonifasi ameandikwa "mbuzi mmoja, mdhaifu", maana tajiri yake amekataza mbwa kupanda gari la mikate, ila mbuzi hakumtaja. Alipomshusha, jirani yangu Mugeta alikuwa amesimama uani kwangu. Akamtazama mbwa huyo mbele, akamtazama nyuma, akasema, "Mwalimu, hii ni fremu ya mbwa. Nyama wanaletaga lini?"

Gasper, mbavu zake nimezihesabu nikiwa nimekaa mbali bila miwani. Asubuhi akaanza kutetemeka mwili mzima. Nikasema ni homa, nikamwita bwana mifugo. Amempima, anasema mbwa hana homa, ana baridi. Nimempa dawa ya minyoo, uji wa ulezi, dagaa, na mayai mawili kwa siku kama mwanamke aliyejifungua. Hanenepi. Habweki pia. Mgeni akiingia anamtazama tu, kama karani wa benki.

Jambo jingine. Siku ya kwanza aliingia ndani bila hodi, akapanda kiti cha marehemu babu yako, akazunguka mara tatu, akalala. Hilo nimeliweka moyoni.

Bibi yako,
Mwl. Jenoveva Nyangi


Makoko
30 Juni 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mafua yameisha. Nimekutumia samaki furu wakavu kwa Bonifasi, usimpe mbwa wote.

Kwanza, Bibi, mayai acha. Wipeti anatakiwa awe hivyo hivyo. Mbavu zikionekana kidogo ndiyo afya yake, akinenepa hakimbii. Pili, manyoya yake ni mafupi na ngozi ni nyembamba, kwa hiyo asubuhi za Juni na Julai huko kwenu zinamwonea. Mwenyewe alikuwa akimvalisha nguo. Tatu, kubweka kwao ni kwa nadra. Yeye anatumia macho. Kitu kikitembea mbele yake anakifuata, kikisimama anakisahau.

Usimwite fremu mbele yake, anaelewa.

Na samahani, sikuuliza habari za mguu wako. Kwani uliumia?

Gasper


Butiama
21 Julai 2024

Mume wangu mdogo,

Nakujibu kwa amani ya Bwana. Hapa baridi ni kali, chai haipoi tu, inakimbia. Padri mpya amehamishiwa kwetu, kijana, mahubiri yake ni mafupi na tunampenda kwa hilo. Umepata themanini kwa mia.

Nimechukua sweta la zamani la shule, lile la bluu, nikalipunguza mikono na kulitoboa panapotakiwa. Limemkaa vizuri mno. Tatizo nembo ya shule imebaki kifuani. Sasa watoto wakipita wanamwambia, "Shikamoo mwanafunzi," na Mugeta anauliza kama amelipa mchango wa chakula cha mchana.

Kazi bado sijaiona. Jumapili upepo ulipeperusha kofia ya Padri. Nilisikia kishindo tu, nikaona vumbi, na mbwa amerudi na kofia mdomoni kabla Padri hajashika kichwa. Watu walipiga makofi. Lakini ngedere hawavai kofia.

Jina nimebadilisha. Siwezi kusimama mlangoni jioni nikaita "Prinsesi!", wataitika mabinti wa watu. Tena unajua desturi ya huku, jina la mbwa hupewa ili jirani asikie. Mugeta alimwita wake Tutaona mwaka jana, wiki ile ile nilipomwambia kwamba shamba langu sikodishi. Kila jioni anasimama kwenye ua wake anaita, "Tutaonaaa! Tutaonaaa!", uso ameuelekeza kwangu. Mwaka mzima nimenyamaza kwa sababu sikuwa na mbwa wa kumjibia.

Sasa ninaye. Nimemwita Sihami. Naye ameshalijua jina, akiitwa mara moja anakuja mbio. Ukimwita kwa jina jingine, hata ukiwa na nyama mkononi, anakutazama tu.

Analala nje, kama mbwa.

Bibi yako,
J. Nyangi


Makoko
11 Agosti 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima kwa neema ya Mungu. Dada yangu Happyness amefaulu mtihani wa muhula, wa tatu darasani.

Nimecheka habari ya kofia mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Lakini Bibi, kwa nini Sihami? Mugeta anataka shamba tu, hakusema uhame. Mama naye amenipigia simu, anasema majirani zako wamemwambia kwamba kila jioni unapaza sauti kuelekea barabara ya Bunda, ile ya kwenda kwake Kabasa. Aliniuliza kama najua maana yake. Nilimwambia mtandao unakatika.

Usimpe furu wenye miiba.

Gasper


Butiama
22 Septemba 2024

Gasper,

Barua yako imekaa kwenye gari la mikate wiki tano, giaboksi ilivunjika. Bonifasi ameileta leo, imeingia siagi. Sisi tumeishi wiki tano kwa mihogo na hatukufa. Hongera kwa Happyness, mwambie wa tatu ni karibu na wa kwanza lakini si pa kukaa.

Mahindi ya vuli nimepanda. Mbwa analala mchana kutwa.

Unaniuliza kwa nini Sihami. Nitakujibu kama ninavyomjibu mwanafunzi anayejua jibu na bado ananyoosha kidole. Baada ya Pasaka watoto wangu na wajukuu wangu walikaa kikao nyumbani kwa mama yako, Kabasa. Mimi sikuitwa. Waliamua kwamba mama amezeeka, anaishi peke yake, anafukuzana na ngedere kwenye mawe, kwa hiyo ahamie Kabasa kwenye chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama ukuta. Mama yako alipokuja kuniambia, nilimwomba msimu mmoja. Tukapatana hivi: ngedere wakila mahindi ya vuli, nahama baada ya Krismasi. Wasipokula, nabaki.

Basi hayo ndiyo maisha yangu, yamelala hapa kwenye kiti cha babu yako, yamevaa sweta.

Kuna mtu nasubiri aniandikie jambo moja. Hajaliandika. Mimi nina subira, nimefundisha watoto kugawanya.

J. Nyangi

Alama: hamsini na tano. Njia ya mwongo ni fupi, hata mtandao ukikatika.


Makoko
13 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Salamu leo ni fupi kwa sababu nikizirefusha nitapoteza ujasiri.

Mkono nilinyoosha. Kwenye kile kikao, Mama aliuliza nani anakubali, nikaona wote wameinua, na mimi nikainua. Nilikuwa na hofu. Lile kovu la mguu wako, Bibi, nililiona siku ile ya Pasaka ulipovua viatu kanisani. Najua ulianguka kwenye mawe ukifukuza ngedere, na najua ulilala pale mpaka Mugeta alipokuokota. Mugeta mwenyewe ndiye aliyeniambia. Nilipolala usiku ule nilikuwa nakuona pale chini. Lakini nilipaswa kuja kukuuliza wewe kwanza, na sikuja. Naona aibu.

La pili. Prinsesi, yaani Sihami, hajawahi kufanya kazi hata siku moja. Huko alikotoka alikuwa analala kwenye kochi na kula chakula cha kopo. Yule mama alipoondoka nilikaa naye siku tatu, mwenye nyumba akasema ama mbwa ama mimi. Habari za wachimba makaa ni za kweli, ila ni za mababu zake. Nilikutumia kwa sababu sikuwa na pa kumpeleka, na kwa sababu nilitaka kujidanganya kwamba nimekusaidia.

Ukitaka nimfuate, nitamfuata.

Gasper


Butiama
1 Desemba 2024

Mume wangu mdogo,

Marahaba, na amani. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, Padri amehubiri dakika nane. Mvua ni nzuri. Mahindi yamebeba, mengine mahindi mawili mawili.

Barua yako ya toba nimeipa tisini kwa mia. Kumi nimepunguza kwa kuchelewa miezi sita. Mama yako aliniambia tangu Aprili: "Wote walinyoosha mikono, hata mume wako." Iliniuma, sitakuficha. Iliniuma kuliko mguu. Lakini umeandika mwenyewe, kwa mkono ule ule ulioinua, basi yameisha.

Na habari za kochi nilizijua siku ya kwanza. Mbwa wa kazi gani anajua kiti?

Sasa sikiliza. Ngedere wa huku si wajinga. Wakija shambani humweka mmoja juu ya jiwe achungulie. Yule Tutaona wa Mugeta akianza kubweka tangu kisimani, wao wanamalizia hindi taratibu, ndipo wanapanda mti na kumcheka. Alhamisi walikuja wapatao ishirini. Mimi nilikuwa kibarazani na ufagio wangu. Sihami alikuwa amelala kivulini kwenye mihogo, nikadhani ni kama kawaida yake. Nikaona majani ya mahindi yanagawanyika, kama mtu anachana nywele. Hakubweka. Hakuguna. Mlinzi wao alipopiga kelele, yeye alikuwa ameshafika katikati yao. Gasper, sijawahi kuona ngedere akitupa hindi alilokwisha kulimenya! Walikimbilia kwenye mawe wakikanyagana, naye nyuma yao, nembo ya shule kifuani. Nilifurahi mpaka nikakaa chini ghafla.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo niliwaandikisha watoto miaka yote, sikuwahi kuiona inakimbia.

Akarudi, akanywa maji, akapanda kiti, akalala. Hakumgusa hata mmoja, wala simtaki amguse. Ijumaa wakajaribu tena, kumi tu. Jana amekuja mmoja, akachungulia, akaondoka. Mugeta alikuwa anatazama kutoka kwenye ua wake. Leo asubuhi kaja kuuliza kama hiyo fremu inazaaga.

Usimfuate.

J. Nyangi


Makoko
18 Desemba 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Haraka haraka, Bonifasi ananingoja na mikate inapoa. Heri ya Krismasi. Nakutumia sato wa kukaanga na sweta jipya la mbwa, ile rangi yenu ya bluu nimeitafuta soko zima.

Mama anakuja tarehe 28 na pikapu. Nimemwambia kwamba mahindi yapo. Amesema, "Mahindi si mguu." Nimemwambia pia kwamba mkono wangu nimeushusha. Amekata simu, na safari hii si mtandao.

Mimi nina zamu kazini mpaka mwaka mpya, siwezi kuja. Na Bibi, umeandika kwamba ulikaa chini ghafla. Hakuna mtu anayekaa chini ghafla. Umeanguka tena?

Gasper


Butiama
5 Januari 2025

Mume wangu Gasper,

Heri ya mwaka mpya. Marahaba nyingi. Sato tumemla mimi na mama yako, kichwa nilimpa yeye, ndipo ujue kwamba nilitaka amani. Mbuzi sasa kumi na watatu.

Naam, nilianguka tena. Kidogo. Nimeandika, usiniulize mara ya pili.

Mama yako alifika Jumamosi saa nane mchana. Hakukaa, alikwenda shambani moja kwa moja na viatu vyake vya kanisani. Alihesabu mistari, akavunja hindi moja, akalimenya, akalitazama. Halikuwa na alama ya jino. Akasema, "Mama, umeshinda mahindi. Lakini ukianguka siku Mugeta hayupo?" Nikaokota maganda ya lile hindi, Gasper. Dereva akaanza kutoa godoro langu.

Basi ngedere, kwa kuwa shetani naye hupangiwa zamu, wakaja saa hiyo hiyo. Sihami alikuwa mlangoni. Alipita katikati ya miguu ya dereva, dereva akaangukia godoro, na mbwa akavuka ua kuelekea kwenye mawe. Tulimngoja arudi kama kawaida yake. Saa kumi hakurudi, saa kumi na moja hakurudi. Mimi nikachukua fimbo. Mama yako akaninyang'anya fimbo, akasema, "Wewe kaa. Naenda mimi."

Mama yako Tereza hapendi mbwa, unamjua. Alipanda mpaka kwenye lile jiwe kubwa na hivyo viatu, nikamsikia anaita, "Mbwa! We mbwa!" Kimya. Akaita, "Prinsesi!" Kimya. Mimi kibarazani nilikuwa najua kinachotakiwa, na yeye juu ya jiwe alikuwa anakijua. Watu walikuwa wanarudi kutoka kisimani, wamesimama na ndoo zao, wanamtazama binti wa mwalimu.

Hatimaye akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti niliyomzaa nayo: "Sihami! Sihamiii!"

Jina likaenda mpaka ng'ambo ya pili na likarudi. Akaita tena, na tena, huku sauti imeanza kulia. Toka uani kwake Mugeta akajibu, "Tumeona, Tereza! Basi, tumeona!"

Na mbwa akatokea. Alikuja kwa miguu mitatu kutoka nyuma ya jiwe, sweta limechanika, ngozi ya paja imefunuka kwa sababu ya miiba, maana ngozi yake ni karatasi. Mama yako alivua kanga aliyojifunga juu ya gauni, akamfunga, akambeba kifuani mpaka nyumbani. Bwana mifugo amempiga nyuzi saba. Hakulia. Waliolia ni wawili, na mmoja hapendi mbwa.

Kesho yake mama yako alikaa kwenye kiti kile, mbwa amelaza kichwa juu ya miguu yake. Akasema, "Nimetangaza mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Sasa nikikuhamisha, watanionaje?" Tukacheka mpaka mbwa akainua sikio. Kisha tukapatana upya. Mugeta atapita kila asubuhi kunijulia hali, na mimi nitampa vipande viwili vya shamba alime, bila kumwambia kwamba ni ushindi. Simu yangu, ambayo huwa naiweka mtungini isinisumbue, itatoka humo na kukaa mfukoni. Pikapu imeondoka Jumatatu na gunia la mahindi mabichi. Godoro limebaki.

Mkono wako ule, Pasaka uulete huku. Kuna ua wa kuongeza urefu, usiwe na miiba.

Mbwa anapona, anakula, anachechemea kama mimi, tunafanana. Na kuhusu niliyokuandikia Julai, kwamba analala nje: usiku analalaga kitandani, miguuni pangu. Ndiyo, nimeandika -ga. Kalamu nyekundu ninayo mimi.

Bibi yako, asiyehama,
Jenoveva Nyangi